Goti la Mkwezi na Ulimi wa Mtani

Huko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, baba yangu wanamwita mpaka leo "Idarusi wa tembo". Kila nikilisikia jina hilo damu hunichemka. Baba hakuonja tembo maisha yake yote. Mama akitengeneza achari, baba alikuwa haigusi mpaka aapiwe kwamba ukali wake ni wa ndimu, si wa siki ya mnazi. Mtu kama huyo ndiye aliyekwenda kaburini na jina la mlevi, na aliyempa jina hilo ni mtu waliyekula naye sahani moja kwa miaka. Nitaeleza ilivyokuwa. Anayetaka kucheka na acheke, nimekwisha kuzoea.

Baba alikuwa mkwezi katika shamba la minazi la mzee mmoja wa Kiarabu. Tulikaa humo humo shambani, katika nyumba ya udongo aliyopewa na mwenye shamba, na sisi wanawake tulikuwa tukikusanya nazi zikianguliwa na kuzipeleka kwenye kifuo zifuliwe. Minazi ile ilikuwa mirefu, ya kale, mashina yake yamechongwa vidato tangu enzi za Mjerumani. Mkwezi hutia mguu kwenye kidato, hukumbatia shina, huvuta mwili. Katika kupanda, mikono husaidia sana. Kushuka ni kazi ya goti: mguu mmoja unapapasa kidato cha chini bila kukiona, na ule mwingine umekunjwa huko juu, umebeba mwili mzima, hauwezi kunyooka wala kupumzika. Baba alishuka namna hiyo mnazi baada ya mnazi tangu hajaoa.

Mwenzake alikuwa Laurenti, Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki mwenye rozari shingoni. Alikuja pwani pamoja na manamba kukata mkonge, na mkataba wake ulipokwisha hakurudi kwao. Baba alimkuta kwenye pantoni, akamtambua kwa matamshi yake, akamvaa bila salamu.

"We mtumwa wangu, nani kakuruhusu kuvuka mto?"

Laurenti alimtazama juu mpaka chini. Sisi ni Wazigua, na baba alikuwa na alama za Kizigua usoni.

"Nimekuja kumtafuta babu yako," akasema. "Babu yangu alimnunua kwa pishi ya mtama mwaka wa njaa, akala mtama, akatoroka kabla hajalima hata tuta."

Walicheka mpaka pantoni ikagota ng'ambo. Jioni yake Laurenti alikuwa kwetu anakula wali, na mwezi uliofuata baba alikuwa anamfundisha kukwea. Mtu wa bara aliyekuwa hajui hata dafu linafunguliwa upande gani, baba alimshika mguu, akamwekea kidato kwa kidato. Alipoanza kuogopa katikati ya mnazi, baba alipanda chini yake akamshusha kwa kumtegemeza nyayo kwenye mabega yake mwenyewe.

Asiyejua utani wa Wazigua na Wanyamwezi hatanielewa, kwa hiyo nieleze. Mtani hachukiwi. Akikutukana, unacheka au unamrudishia kali zaidi. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe, na wazee watakutoza kuku. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua jogoo, ukabaki unamsindikiza kwa matusi. Na siku ya msiba mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi, na ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Bibi yangu Mwamvua, mama yake baba, aliyekuwa akikaa Kigombe, Laurenti alikuwa akimwita "mke wangu", na bibi naye akimjibu kwamba mume mwenye miguu kama ya korongo hamtaki. Tulimpenda. Na mimi nilimpenda, sitasema uongo.

Jambo la pili la kujua ni ahadi. Yule mzee mwenye shamba alimwambia baba mbele ya watu wote wa shamba, "Idarusi, siku miguu ikikataa, utakaa chini usimamie wakwezi wenzio, na nyumba hii itabaki yako." Kwa mkwezi hilo ni neno kubwa. Mkwezi hana uzee. Akishindwa kupanda, kazi yake imekwisha, na nyumba ya shamba imekwenda na kazi. Baba alikuwa akilitaja neno lile kila akimwomba Mungu, nimemsikia kwa masikio yangu. Mzee akafa. Shamba likarithiwa na mpwa wake, Bwana Sadalla, aliyetoka Unguja, kijana mwenye kanzu safi na haraka nyingi. Akasema ahadi za mjomba wake ni zake pia. Baba akalala usingizi.

Goti lilianza mwaka ule waliomtawaza Malkia huko kwao. Kwanza lilikuwa likilia tu, kama mtu anayekanyaga mchanga. Halafu likaanza kuuma kwa mbele, nyuma ya ule mfupa wa mviringo tunaouita kilegesambwa, jina refu kuliko chenyewe. Ajabu ya maumivu yale ilikuwa moja: baba akipanda mnazi, hana neno. Akianza kushuka, utamsikia anaguna toka juu, na akifika chini anasimama ameshika shina, jasho jembamba linamtoka. Akitembea ufukoni, mzima. Akishuka vipandio vya msikiti, anashika ukuta. Na akikaa tahiyatu ikawa ndefu, goti lilikuwa linamwaka mpaka akawa anamwomba Mungu imamu afupishe.

Mama alimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Akaja mzee mmoja akamuumika kwa pembe, akatoa damu nyeusi, akasema ni baridi imeingia. Baridi ikatoka, goti likabaki. Ndipo baba akakubali kwenda kwa dresa wa hospitali, Pangani mjini. Laurenti akasema hamwachi mtumwa wake avuke peke yake, asije akauzwa. Nami nilikwenda, maana nilikuwa mwari aliyekwisha kuposwa na mama alitaka nikachague kanga. Kwa hiyo ninayoyasema ya huko nimeyaona.

Dresa aliitwa Asheri, Mbondei mpole mwenye miwani. Hakumcheka baba wala hakumwambia baridi. Alimwambia achuchumae, halafu asimame, akaweka kiganja juu ya goti akasikiliza kwa mkono.

"Mzee Idarusi," akasema, "hiki kilegesambwa kina njia yake, kinateleza juu ya mfupa wa paja goti likikunjwa na kunyooka. Sasa, ukikunja goti huku limebeba mwili, msuli wa paja unakivuta, kinakandamizwa kwenye mfupa. Kadiri unavyokunja zaidi, ndivyo kinavyobanwa zaidi. Unapopanda unavuta kwa mikono, goti linasaidiwa. Unaposhuka goti ndilo linalozuia mwili usiporomoke. Limezuia miaka mingi, sasa limechoka."

"Kwa hiyo si wazimu wangu," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Kushuka kweli kunauma kuliko kupanda."

"Si wazimu. Wengi wanaokuja na goti hili husema hivyo hivyo. Nyumbani ulale chali, unyooshe mguu, uuinue taratibu, upate nguvu ya paja. Usichuchumae. Na minazi, mzee wangu, minazi uiache."

Laurenti alikuwa amekaa kwenye benchi kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza goti la namna hiyo huanzaje, na kama likiwahiwa hupona. Asheri akamjibu kwamba huanza kidogo kidogo, kwenye ngazi na katika kukaa sana, na anayewahi kuacha kazi ya kukunja goti hupata nafuu. Laurenti akaitikia kwa kichwa. Baadaye akaruka kama aliyeamka.

"Dresa, umekiitaje kile kimfupa?"

"Kilegesambwa."

"Kilegea-mbwa! Ndiyo maana! Nilijua tangu zamani kwamba huyu ni mbwa, sikujua amelegea wapi!"

Mtu mwingine angemwita baba mbwa mbele ya watu pangechimbika. Baba alicheka mpaka akaomba maji. Akamwambia Laurenti kwamba mbwa aliyelegea ni bora kuliko punda wa misafara, na Asheri naye akaficha uso kwa daftari lake. Tulirudi kwenye pantoni tukiwa na furaha, mimi na kanga zangu, baba na goti lake lililopata maelezo.

Siku chache baadaye Bwana Sadalla alivuka kuja shambani. Hakuja na sura nzuri. Kwenye minazi ya mpakani alikuta makarara, vile vifuko vya maua ya mnazi, yamekatwa. Watu wamegema tembo kwa siri. Wizi ule ulikuwepo tangu mjomba wake yu hai, na kila mtu Bweni alijua unafanywa na watu wa kupita, ila kwake yeye ulikuwa mpya. Mnazi ukigemwa hauzai nazi, na mtu aliyerithi shamba hapendi kuanza na minazi tasa. Alikuwa amesimama penye chungu za nazi, fimbo mkononi, na sisi sote tumeacha kazi tunamsikiliza. Alipomaliza kufoka, baba akaona heri aseme shida yake hapohapo. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakungoja.

"Bwana," baba akasema, "goti langu limekataa. Nimekwenda kwa dresa, kaniambia niache minazi. Nakukumbusha ile ahadi ya marehemu."

"Ahadi naijua, sina nia ya kuivunja," Sadalla akajibu. "Lakini asubuhi hii nimekuona mwenyewe kwa macho yangu unapanda mnazi, tena mbio."

"Kupanda napanda, bwana wangu. Kushuka ndiko kunakoniua."

Sadalla alikunja uso. "Mnazi ni uleule, vidato ni vilevile. Utaumaje ukishuka usiume ukipanda?"

Ukimsikiliza vizuri, alikuwa anauliza kweli. Hakuwa amekataa bado. Kijana alitaka mtu amweleze, basi. Na baba, maskini, hakuwa na wasiwasi hata kidogo, maana shahidi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka alipo. Alimgeukia Laurenti huku anatabasamu.

"Muulize huyu. Tulikwenda naye kwa dresa. Alisikia yote."

"Haya, Laurenti," Sadalla akasema. "Mwenzio anaumwa kweli?"

Nataka mjue kwamba palikuwa na nafasi. Laurenti hakushtukizwa. Alitua panga lake chini, akajifuta mikono, akamtazama baba, akamtazama Sadalla, akatutazama na sisi. Angeweza kusema "ndiyo". Ni neno fupi.

"Bwana," akasema, "sisi tunajua, ukipanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Lakini mchongoma wa Idarusi una utamu huko juu! Mwenye kibuyu chake kileleni, nani atapenda kushuka? Goti limeona haya, limejilegeza!"

Shamba zima likaangua kicheko. Wanawake walishika mbavu. Utani ulikuwa mzuri, nakiri, hata mama aliuma upindo wa kanga. Na baba akacheka. Alicheka kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mtani akirusha neno, unalidaka kwa kicheko, hasa mbele ya watu. Alicheka huku akisubiri, maana baada ya utani husemwa neno lenyewe.

Sadalla peke yake hakucheka. Huko alikotoka utani ni wa babu na mjukuu, au wa mabinamu. Utani wa kabila na kabila hakuujua. Alichokiona yeye ni mtu ametajwa kuwa anakunywa tembo la wizi juu ya minazi yake, na mtu huyo anacheka.

"Unacheka, Idarusi?"

"Huyu ni mtani wangu, bwana," baba akasema, bado meno yako nje.

"Ndiyo. Na mtani husema lile ambalo wengine wanaogopa kulisema. Lisemwalo lipo."

Kicheko kikakatika. Baba akageuka. "Laurenti, mwambie bwana. Mwambie aliyosema dresa."

Laurenti akainama kuokota panga lake. Alipoinuka alikuwa anatazama vilele vya minazi.

"Mimi ni mtani tu," akasema. "Maneno ya mtani hayana ushahidi."

Sijapata kuona uso wa mtu ukizeeka kwa dakika moja, isipokuwa siku ile. Baba hakusema kitu tena. Na kunyamaza kwake nako, kwa yule kijana wa Unguja, kukawa ushahidi wa pili. Alimwambia baba aondoke shambani, na alimwambia kwamba asipomshitaki kwa wizi ni kwa heshima ya marehemu mjomba wake tu. Asheri alipopata habari alivuka kwa hiari yake akamweleza Sadalla habari za goti. Sadalla akamwambia, "Wewe unajua magoti. Kilichoko juu ya mnazi hukijui." Kumbe hesabu ilikuwa imekwisha kuhama kutoka kwenye goti kwenda kwenye kibuyu, kibuyu ambacho hakikuwepo.

Na usimamizi akapewa nani? Mnajua. Tulipokuwa tunafunga mikeka, Laurenti alikuwa tayari amekaa kitako mbele ya chungu za nazi, miguu ameinyoosha, anawahesabia wenzake makole ya nazi.

Mama alitaka alaaniwe. Baba alikwenda kwa jumbe, mzee wa Kizigua mwenye busara zake, akamweleza yote. Jumbe alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka.

"Idarusi, umekuja kumshitaki mtani? Kwa neno la utani? Nikikuandikia kesi hiyo wazee watanipeleka wapi? Toa kuku wewe, umenuna."

Akatoa kuku. Wallahi, baba yangu alifukuzwa kazi, akanyang'anywa nyumba, na bado akatoa kuku. Nikilikumbuka hilo huwa sijui nilie au nivunje kitu.

Tulihamia Kigombe kwa bibi Mwamvua. Baba akawa anashona makuti, kazi ya kukaa miguu imenyooka, na kila siku baada ya alfajiri alilala chali juu ya mkeka akauinua mguu kama alivyoagizwa na dresa. Goti lilipata nafuu, si haba. Jina halikupata. Habari za Bweni zilivuka mto kabla yetu. Msikitini alisali akiwa amekaa kwenye kigoda, na nyuma yake watu wakanong'ona kwamba miguu ya mlevi haina adabu hata mbele ya Mungu. Posa yangu ikarudishwa. Wakwe wale hawakusema sababu. Mama wa mchumba wangu alisema tu kwamba nyumba ya tembo huzaa wajukuu wa tembo. Baba aliposikia alikwenda pwani akakaa huko mpaka maji yalipojaa, na aliporudi hakunitazama usoni. Mimi nilitaka kumwambia kwamba simlaumu yeye. Sikuweza, nililia tu.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa shamba. Alikuwa akisema, "Adui angenifanyia hivi ningejua la kufanya. Huyu amenipiga kwa mkono ambao hauruhusiwi kushikwa." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo nyingine huvuliwa. Utani huvuliwaje?

Miaka ikapita. Mimi niliolewa na mvuvi wa hapohapo Kigombe ambaye hakujali maneno. Ndipo bibi Mwamvua akafariki, jioni moja baada ya kula vizuri. Habari zikapelekwa kwa lori la mkonge, na asubuhi, kabla kaburi halijaanza kuchimbwa, tukasikia kelele njiani.

"Mke wangu! Mmemuua mke wangu mchukue kanga zake! Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe mahari yangu!"

Alikuwa Laurenti. Amenenepa, mvi zimeingia, rozari ileile. Alijigaragaza mlangoni kama inavyompasa mtani, akanyang'anya mtu jembe, akawatukana waombolezaji wote kwa zamu, na watu, ambao tangu usiku walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Haki yake. Hakuna aliyeweza kumkataza. Mimi nilishikilia mwimo wa mlango kwa hasira.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya upenu. Hakucheka, wala hakununa. Laurenti alipomwona aliwakonyeza watu, akakumbatia nguzo ya nyumba kama ni mnazi, akaanza kushuka mnazi ule wa hewa, anaguna "oo, goti langu, oo, kibuyu changu," mpaka akachuchumaa chini kabisa. Wageni walikuwa hoi kwa kicheko.

Akabaki pale chini. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nilikuwa karibu, nikaona mkono wake unatafuta ukuta. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. Alijaribu kuinuka, goti likalia mpaka mimi nikalisikia, akarudi chini. Jasho lile nilikuwa ninalijua. Nimelipangusa mara nyingi kwenye uso mwingine.

Baba naye aliona. Alisimama, akaja polepole mpaka alipo.

"Lini?" akauliza.

"Lini nini? Mbwa wewe, nipe mkono nikuume."

"Goti. Lilianza lini? Nijibu bila utani."

Laurenti alifungua mdomo, na utani haukutoka. Alitazama chini.

"Kabla ya siku ya dresa," akasema. "Kabla yako kidogo. Miye nilikwenda kule kusikiliza ya kwangu."

"Na siku ya Sadalla?"

"Nafasi ya kukaa chini ilikuwa moja tu, Idarusi. Weye una kwenu Kigombe, una mama, una mke wa kukukanda. Miye nikianguka mnazini nazikwa na nani?"

Hapo ndipo nilipofahamu, na ubaya wake ukanizidi. Nilikuwa nikidhani kwamba hakumwamini baba. Kumbe katika watu wote waliosimama pale shambani, yeye peke yake aliyajua maumivu yale kwa mwili wake mwenyewe, alijua kwamba kila neno ni kweli, na kwa kujua huko ndiko alikopata pa kupigia.

"Ungeniambia," baba akasema. "Ungeniambia mimi, Laurenti. Tungekaa chini kwa zamu. Yule kijana tungemwambia pamoja, magoti mawili. Nani angebisha magoti mawili?"

Waombolezaji walikuwa hawajui kama bado wacheke.

Baba akainama kwa shida, akamshika chini ya kwapa, akamwinua, kama alivyowahi kumshusha mnazini. Akampangusa vumbi begani. Akaliokota taratibu jembe la kaburi lililokuwa kando yake, akampa mume wangu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Karibu, Bwana Laurenti. Ahsante sana kwa kuja kutuzika. Asmahani, mletee Bwana Laurenti kiti, akae na wageni."

Wazee walishusha macho. Katika miaka yao yote hawa wawili walikuwa hawajaitana "bwana". Kwa mgeni neno hilo ni heshima. Kwa mtani ni mlango unaofungwa, na komeo linatiwa kwa ndani. Jumbe hana kuku wa kutoza hapo, maana hakuna aliyenuna.

Laurenti alielewa kabla ya wote. Akamshika baba kanzu.

"Idarusi. Nitukane."

"Umetoka mbali, bwana. Chai ipo."

"Nitukane, ndugu yangu. Niite mtumwa. Niite punda. Mbele ya hawa."

"Pole na safari, bwana," baba akasema, na akarudi kwenye kigoda chake.

Nilileta kiti. Laurenti akakaa miongoni mwa wageni wa heshima, watu wakampisha, wakamwamkia kwa adabu, wakamletea chai katika kikombe kizuri. Kaburi la mke wake likachimbwa na watu wengine.